Mchanga wa Dakika 3: Hotuba ya Kuwaenzi Watangazaji wa Besiboli

Ndugu watangazaji, mafundi mitambo, na ninyi vijana mnaoisomea kazi hii, nawashukuru kwa kuja.

Hapa mezani nimeweka kipima muda cha mchanga, kile cha kuchemshia mayai. Ni vichupa viwili vya kioo vilivyoungana shingoni. Ukikigeuza, mchanga unashuka kwa dakika 3. Red Barber, aliyekuwa sauti ya timu ya Brooklyn Dodgers kuanzia 1939 hadi 1953, aliweka kimoja kama hiki karibu na maikrofoni yake. Mchanga ukiisha, alitaja matokeo, akakigeuza, akaendelea na kazi. Mchezo uwe umechemka au umepooza, mchanga ukiisha matokeo yanatajwa.

Mtangazaji ana ubao wa matokeo mbele ya macho yake, na kwa sababu hiyohiyo husahau kwamba msikilizaji hana. Dereva aliyewasha redio sasa hivi, mama aliyetoka jikoni, mgonjwa aliyezinduka kitandani, wote wana swali moja tu: ngapi kwa ngapi? Ukiwaacha dakika 10 bila jibu umewafungia nje ya uwanja. Na kumbukumbu haisaidii, maana utamu wa mchezo ndio unaokusahaulisha. Ndiyo maana Barber hakuitegemea kumbukumbu, akautegemea mchanga.

Nimeombwa kuzungumzia kuwaenzi watangazaji wa besiboli wa Marekani. Ningeweza kuwasomea misemo yao maarufu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake na mashabiki wanaijua kwa moyo. Lakini msemo ni achari tu, na mtu haendi shughulini kula achari. Tuutazame wali.

Kwa ambao mchezo huu hawaujui, nitasema kwa kifupi. Timu mbili, kila moja ina zamu 9 za kupiga. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, na hapo mpigaji anamsubiri na gongo lake. Nasema gongo la mbao, si lile linalowapeleka watu mahabusu. Akiupiga mpira anakimbia kupitia vituo vitatu, na akirudi salama cha nne, cha nyumbani, timu yake imepata mkimbio mmoja. Straiki, yaani mpira halali alioukosa au kuuacha, zikifika 3, ametoka. Mipira 4 ikirushwa nje ya eneo halali bila yeye kuigusa, anapewa kituo cha kwanza bure. Wakitoka watatu, zamu imekwisha. Na akiupiga ukavuka uzio wa nyuma, hiyo ni homurani, anazunguka vituo vyote kwa raha zake.

Kandanda linatiririka, besiboli inasimama. Katika mechi moja mipira inayorushwa na pande zote mbili hukaribia 300, na baada ya kila mmoja kuna pengo. Mpira wa kasi wa maili 95 kwa saa huchukua kama sehemu 4 za kumi za sekunde kumfikia mpigaji, kisha sekunde 15, 20, hakuna kitu. Zidisha kwa mechi 162, maana ndizo kila timu inazocheza katika msimu wa kawaida. Mtangazaji wa besiboli anapimwa kwa anachofanya ndani ya mapengo hayo, na waliopendwa walipendwa kwa hayo.

Mechi ya kwanza kabisa ya ligi kuu kutangazwa redioni ilikuwa Agosti 5, 1921, mjini Pittsburgh, katika uwanja wa Forbes Field. Harold Arlin, kijana wa miaka 25 aliyefanya kazi ya mchana katika kiwanda cha Westinghouse na ya jioni katika stesheni ya KDKA, alikaa nyuma ya kituo cha nyumbani na kifaa cha simu kilichogeuzwa kuwa maikrofoni. Pirates waliwashinda Phillies 8 kwa 5. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mara mtambo ulifanya kazi, mara haukufanya, na mara kelele za umati zilimfunika. Matatizo hayo mawili, mtambo na umati, hayajatuacha mpaka leo.

Miaka iliyofuata stesheni nyingi hazikuwa na uwezo wa kumpeleka mtangazaji kwenye mechi za ugenini. Njia ikawa telegrafu. Mpiga telegrafu alikaa uwanjani akituma alama fupi, kwa mfano S1C, yaani straiki ya kwanza, mpigaji hakutikisa gongo. Studioni mwenzake aliipokea, akaiandika kwenye karatasi, na mtangazaji akaigeuza kuwa mchezo kamili: jua, vumbi, mrushaji anafuta jasho. Kijiti kiligongwa kwenye mbao uwe mlio wa gongo, na sahani ya santuri ikatoa kelele za mashabiki.

Ronald Reagan, kabla ya sinema na siasa, alifanya kazi hiyo katika stesheni ya WHO mjini Des Moines, akitangaza mechi za Chicago Cubs bila kuwaona. Siku moja waya ukakatika, Billy Jurges akiwa zamu ya kupiga. Kusema ukweli kwamba waya umekatika kulimaanisha wasikilizaji kuhamia stesheni nyingine zilizokuwa na mechi ileile. Basi akamfanya Jurges apige mipira inayotoka nje ya mistari, mmoja baada ya mwingine, dakika baada ya dakika. Angalieni alivyochagua: mpira unaotoka nje ya mistari hauandikwi katika kumbukumbu za mechi, kwa hiyo kesho yake gazeti lisingemwumbua. Waya uliporudi, kumbe Jurges alikwishatoka kwa mpira wa kwanza kabisa.

Watu husimulia kisa hiki wakicheka, nami nacheka. Ila Barber, aliyefanya kazi hiyohiyo ya telegrafu, aliisogeza maikrofoni karibu na mashine ili mlio wake, ta-ta-ta, usikike hewani. Alitaka msikilizaji ajue kwamba mtangazaji hayupo uwanjani. Bado alieleza vizuri, na watu bado walimsikiliza. Kati ya wawili hao, mimi nipo upande wa Barber.

Huyohuyo ndiye aliyetangaza mechi ya kwanza ya ligi kuu kuonyeshwa kwenye televisheni: Agosti 26, 1939, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, stesheni ya majaribio ya W2XBS, kamera mbili. Hakuwa na skrini ya kumwonyesha picha inayokwenda hewani, ikabidi abahatishe kwa kutazama taa za kamera. Ukieleza kilichotokea kushoto wakati kamera inaonyesha kulia, umemvuruga mtazamaji. Mwaka 2020, wakati wa korona, ugonjwa huo ulirudi kwa sura nyingine. Watangazaji walikaa kwenye vibanda vya viwanja vyao vitupu wakitangaza mechi za mji mwingine kwa kutazama skrini. Safari hii picha waliiona, uwanja hawakuuona. Kilichokuwa nje ya fremu, labda mlinzi wa nyuma aliyejikwaa au mkimbiaji aliyesita kituo cha pili, hawakukijua mpaka mwongoza kamera atake.

Sasa niingie kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndipo heshima yao ilipo.

Mrushaji anapoanza kuzungusha mkono, mtangazaji wa redio ameshaanza: anajiandaa, anarusha. Safari ya mpira huwezi kuieleza, haina muda. Unachoweza ni kuwahi tukio lenyewe kwa neno moja kisha kurudi nyuma kulifafanua: ulikuwa wa aina gani, ulipita juu au chini, ndani au nje, hesabu sasa ni ngapi. Mtangazaji mchanga hufanya kinyume. Anaanza na maelezo, na kabla hajafika kwenye tendo umati umeshanguruma. Msikilizaji anasikia uwanja mzima umelipuka naye hajui kwa nini. Umati umekutangulia, na ukikutangulia mara tatu mfululizo mtu haamini tena kwamba wewe ndiye mwenye habari.

Hapa Kiswahili kimetubariki. Kumwambia msikilizaji kwamba mpigaji kapiga hewa, Vin Scully, mtangazaji wa Dodgers nitakayemfikia baadaye, alihitaji maneno manne ya Kiingereza. Sisi tuna moja: kakosa! Mtendaji, wakati na tendo vyote vimo humo. Lakini kwa kila baraka kuna gharama yake. Sikilizeni herufi P: anarusha, kaupiga, mpira umepaa, uko pembeni, umepotea! Kila P ni pumzi inayogonga maikrofoni, na hewani inasikika kama mtu anapiga mlango kwa kiganja. Usiiweke maikrofoni ya kichwani mbele ya midomo. Iweke kwenye kona ya kinywa, upana wa vidole viwili, ili pumzi ipite kando yake.

Homurani ndiyo inayowaumbua wengi. Kibanda kiko juu, nyuma ya kituo cha nyumbani, na kutoka hapo mpira uliopigwa juu sana unafanana na mpira uliopigwa mbali sana. Jicho linadanganyika. Mtangazaji anapiga kelele umekwenda huo, kumbe umeanguka kwenye glavu mita 20 kabla ya uzio. Wakongwe walifundishana dawa yake: mpira ukipaa, mtazame mlinzi wa nyuma. Akigeuza mgongo na kukimbia, mpira ni wa mbali. Akipunguza mwendo na kuinua glavu, ataudaka. Akisimama na kutazama juu ya uzio, sasa sema. Yeye yuko karibu na mpira kuliko wewe.

Halafu kuna daftari. Kila nafasi uwanjani ina namba: mrushaji 1, mdakaji 2, walinzi wa kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu 3, 4 na 5, mlinzi wa kati ya cha pili na cha tatu 6, na wale wa nyuma, kutoka kushoto kwenda kulia, 7, 8 na 9. Mpira ukienda kwa 6, akampa 4, akampa 3, wakatolewa watu wawili kwa mkupuo, unaandika 6-4-3, yamekwisha. Aliyetolewa kwa straiki anaandikiwa K, na kama ya mwisho aliitazama tu bila kutikisa gongo, K hiyo inaandikwa imegeuzwa nyuma. Kazi ya daftari inaonekana zamu ya 8, mpigaji anapokuja mara ya nne: unatupa jicho, unaona mara mbili alitolewa kwa mipira ya chini, unalisema hilo, na msikilizaji anaingiwa na hofu au tumaini kabla mpira haujarushwa. Kinachoharibu ni kuahirisha. Ukisema nitajaza baadaye, baada ya wapigaji wawili umeshapotea. Jaza wakati mpigaji anayefuata anatembea kuja, maana muda huo upo kila mara.

Ingawa umepungua. Mwaka 2023 ligi kuu ilimwekea mrushaji saa: sekunde 15 kama vituo ni vitupu, 20 kama kuna mkimbiaji, na mwaka uliofuata hizo 20 zikawa 18. Wastani wa mechi ya kawaida ulishuka kutoka zaidi kidogo ya saa 3 hadi kama saa 2 na dakika 40. Watazamaji wamefurahi. Mtangazaji wa redio amenyang'anywa uwanja wake wa kusimulia. Hadithi ya zamani iligawanywa vipande vitano, kipande baada ya kila mpira. Leo anayejaribu hivyo anakatwa katikati ya sentensi, kwa hiyo vipande vimekuwa vifupi zaidi, na hadithi nyingine hazisimuliwi kabisa.

Tuje kwa Scully. Alizaliwa Bronx mwaka 1927, akaanza na Dodgers mwaka 1950 akiwa na miaka 22 chini ya mkono wa Barber, akahamia Los Angeles na timu mwaka 1958, akastaafu Oktoba 2, 2016. Misimu 67, timu moja. Barber alimfundisha kufika mapema na kujiandaa, na alimkataza kusikiliza watangazaji wengine. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana anakuja na kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anacho, nacho ni nafsi yake, na ukiwasikiliza sana wengine unakitia maji.

Miaka minne ya kwanza Los Angeles timu ilicheza Memorial Coliseum, uwanja uliojengwa kwa michezo mingine, mkubwa kupita kiasi. Waliokaa mbali hawakuona vizuri, basi wakaja na redio ndogo za transista. Maelfu ya redio, zote zimefunguliwa kwa mtu mmoja, na sauti yake ikarudi kibandani kutoka majukwaani. Siku moja alitambua kwamba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory, akawaambia wasikilizaji kwamba akihesabu hadi tatu wampongeze kwa pamoja. Akahesabu. Uwanja mzima ukapaza sauti, mwamuzi akabaki anashangaa. Wapo walioutazama mchezo kwa macho yao na bado hawakuuamini mpaka Scully ausemee.

Kwenye mechi za Dodgers, hewani alikuwa peke yake. Hakuwa na mwenzake wa kuzungumza naye, kwa hiyo alizungumza na wewe. Na hakusema "sisi" kwa timu iliyomlipa. Hili lina ubishi. Harry Caray, mpenzi wa watu wa St. Louis na baadaye Chicago, alishabikia waziwazi, alinung'unika timu ikiboronga, na zamu ya 7 alitoa kichwa dirishani akaimbisha uwanja mzima, na watu walimpenda sana. Sisemi Caray alikosea. Nasema ushabiki wa Caray ulikubalika kwa sababu aliwasema wachezaji wake walipocheza vibaya. Ushabiki wa kusifu tu ni tangazo la biashara.

Sasa nataka tusimame kwenye usiku mmoja na maikrofoni mbili. Oktoba 15, 1988, World Series, yaani fainali za ligi kuu, mechi ya kwanza, Los Angeles. Oakland wanaongoza 4 kwa 3, zamu ya 9, wawili wameshatoka, mmoja yuko kituoni. Kirk Gibson wa Dodgers, miguu yote miwili mibovu, anachechemea kuja kupiga. Hesabu inafika mwisho: mipira 3, straiki 2. Anaupiga, unavuka uzio wa kulia, mechi imekwisha.

Scully alikuwa kwenye televisheni ya NBC. Alisema mpira umepaa kuelekea kulia, kisha kwamba umekwenda, akafunga mdomo. Kwa zaidi ya dakika nzima hakusema neno, kamera zikamfuata Gibson akizunguka vituo, umati ukalia. Ndipo aliposema kwamba katika mwaka uliojaa yasiyotarajiwa, lisilowezekana limetokea.

Jack Buck alikuwa kwenye redio ya CBS, tukio hilohilo. Watu wanakumbuka alivyomaliza, kwamba haamini alichokiona. Wanasahau yaliyotangulia: Gibson anazungusha gongo, mpira umepaa mbali kulia, hii itakuwa homurani, na Dodgers wameshinda 5 kwa 4. Nani, wapi, nini, matokeo, kisha moyo wake. Angenyamaza kama Scully, msikilizaji wa redio angebaki gizani. Scully naye angeongea kama Buck, angeisemea picha inayojisemea. Nikiambiwa nifundishe somo moja tu la utangazaji, ningepiga kanda hizo mbili na kutoka nje ya darasa.

Scully alinyamaza hata redioni, lakini tazameni lini. Aprili 8, 1974, Atlanta, Hank Aaron alipiga homurani yake ya 715 na kuipita rekodi ya Babe Ruth. Scully alieleza mpira mpaka ulipovuka, kisha akaiacha maikrofoni, akawaachia mashabiki kazi. Aliporudi alisema kilichokuwa kikubwa kuliko rekodi: mtu mweusi anashangiliwa na uwanja uliosimama, huko Kusini kwenyewe, kwa kuivunja rekodi ya shujaa wa mchezo huo. Kwanza habari, kisha umati, kisha maana.

Na hapa niwataje mafundi, kwa sababu ukimya hewani haujitengenezi. Kuna maikrofoni za uwanjani za kunasa gongo na umati. Mtangazaji akinyamaza, fundi anaipandisha sauti ya umati taratibu. Akichelewa, msikilizaji anadhani redio imekufa. Akiipandisha ghafla, inaruka kama mtu kafungua dirisha. Na kama mtambo una kidhibiti sauti cha kujiendesha kilichobanwa sana, umati utapanda na kushuka katikati ya kila neno kama mtu anayehema, kwa hiyo kipunguzwe kabla ya mechi.

Jaime Jarrín alizaliwa Cayambe, Ecuador, akafika Los Angeles mwaka 1955 bila kuujua mchezo huu. Stesheni ya Kihispania ilipopata mechi za Dodgers, alisema hayuko tayari, akapewa muda wa kujifunza. Akaanza mwaka 1959 na akafanya misimu 64. Miaka ya mwanzo, timu ikiwa ugenini, kazi ilifanyikia studioni: sikioni Kiingereza cha mwenzake, kinywani Kihispania, papo hapo. Aliyewahi kutafsiri kwa sikio anajua hatari yake. Ukiifuata sentensi ya mwenzako neno kwa neno, unabaki nyuma. Inabidi usikilize tukio, si maneno. Mwaka 1981, Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Sonora, Mexico, alipouteka mji kwa urushaji wake, aliyekaa kando yake kumtafsiria mbele ya waandishi alikuwa Jarrín. Kabla yake alikuwepo Buck Canel, mzaliwa wa Argentina, aliyetangaza World Series kwa Amerika yote ya Kilatini na kuwaambia watu, mchezo ukikaza, wasiondoke maana sasa ndiyo kunanoga.

Ernie Harwell nitamtaja kwa mambo mawili. Mwaka 1948 Barber aliugua vidonda vya tumbo, Brooklyn wakamtaka Harwell kutoka Atlanta, na Atlanta wakataka wapewe mdakaji, Cliff Dapper. Mtangazaji akabadilishwa na mchezaji! Baadaye huko Detroit, mpira ukitua majukwaani, alisema umedakwa na bwana kutoka Ypsilanti, au mji mwingine wowote wa Michigan. Hakuwa na njia ya kujua. Je, si uongo kama wa Reagan? Hapana. Kila mtu alijua ni mzaha, na haukugusa matokeo. Na kila mji ulikaa ukisubiri kutajwa. Alipofariki Mei 2010, mwili wake uliwekwa uwanjani, na zaidi ya watu 10,000 walipita kumuaga.

Heshima rasmi ni Tuzo ya Ford C. Frick, inayotolewa tangu 1978 na makumbusho ya mchezo huo huko Cooperstown, New York. Wa kwanza walikuwa wawili kwa pamoja, Mel Allen na Red Barber. Anayefikiriwa lazima awe na angalau miaka 10 mfululizo kazini, na miongoni mwa wapigaji kura ni washindi walio hai. Wengi hukosea wakisema mtangazaji fulani ameingizwa katika Jumba la Mashuhuri. Hapana, huko huingizwa wachezaji, makocha, waamuzi na viongozi. Mtangazaji anapewa tuzo na jina lake linawekwa kwenye maonyesho. Kwa maoni yangu imekaa sawasawa, mtangazaji si mchezaji.

Milwaukee walifanya lao. Bob Uecker, aliyecheza bila kung'ara kisha akawa sauti ya Brewers kuanzia 1971 hadi 2024, ana sanamu mbili uwanjani. Moja iko nje, ya heshima. Nyingine imekaa kwenye kiti cha safu ya mwisho kabisa juu, huko alikokuwa akijitania kwamba ndiko kwenye viti vyake.

Lakini hao wawili wa kwanza wa Cooperstown wote walitemwa na waajiri. Allen aliachwa na Yankees wa New York mwaka 1964, umma haukuelezwa sababu. Barber, aliyehamia hukohuko, aliona Septemba 22, 1966 kwamba uwanja wenye nafasi zaidi ya 60,000 una watu 413 waliolipa. Aliomba kamera ionyeshe viti vitupu, akakataliwa. Akasema hewani kwamba habari ya leo ni huo umati, si mchezo. Muda mfupi baadaye aliarifiwa kwamba mkataba haurudiwi. Anayetaka kumuenzi Barber aanze na siku hiyo, mchanga uje baadaye.

Mwisho ni kanda. Ile mechi ya 1921 haina. Sauti ya mtangazaji Russ Hodges ya Oktoba 3, 1951, akitangaza homurani ya Bobby Thomson iliyowapa Giants ubingwa wa ligi, inayorudiwa kila mahali, ilinusurika kwa sababu msikilizaji mmoja wa Brooklyn alikwenda kazini na kumwomba mama yake arekodi sehemu ya mwisho. Stesheni zilifuta kanda na kuzitumia tena, kanda ilikuwa ghali. Kwa hiyo mkirudi makwenu, ulizeni mechi za miaka iliyopita ziko wapi. Andikeni kwenye kila faili tarehe, uwanja, timu na jina la mtangazaji, na nakala zikae mahali pawili tofauti.

Scully aliliwaza hilo mapema. Septemba 9, 1965, mrushaji wa Dodgers, Sandy Koufax, alikuwa anakaribia mchezo kamili, yaani hakuna mpigaji hata mmoja wa Cubs aliyefika kituo. Zamu ya 9 ilirekodiwa ili mrushaji awe na kumbukumbu, na kwa sababu hiyo Scully akawa anataja tarehe na saa hewani, saa 3 na dakika 41 usiku, dakika 44, dakika 46, ili kanda ijieleze miaka mingi baadaye. Mtaisikia. Mtamsikia akitaja mahudhurio, watu 29,139. Mtamsikia pia akinyamaza, mara tu mpigaji wa mwisho, Harvey Kuenn, atakapokosa.

Fundi, tafadhali weka kanda. Na ninyi, mpigaji akikosa, anzeni kuhesabu sekunde.